Matofali Yaive

Kitengela, 4 Februari 1996

Binti yangu Kafiya,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halijanisamehe tangu tulipohama Wajir mwaka themanini na nne. Habari za Kampala na chuo cha ujenzi?

Hooyo, mama yako, anakohoa. Nilidhani ni vumbi la barabara ya Namanga, lakini daktari aliuliza swali moja tu: "Mnapikia wapi?" Nikamwonyesha kwa mikono: chumba kimoja cha mabati, jiko la makaa kando ya kitanda, dirisha la kupitisha paka. Akasema mapafu yake ni ya mtu aliyevuta sigara miaka thelathini. Hooyo wako akacheka. "Sigara gani? Ni chapati zako hizo."

Mchana mabati yanatuchoma, usiku yanatugandisha, basi hafungui mlango na moshi hautoki. Daktari anasema akivuta moshi hivyo mwaka mwingine, hatavuka. Nailantei, yule mama Mmaasai anayetuuzia maziwa, ametukatia kipande cha shamba lake Kisaju. Uliwahi kuniandikia kuhusu nyumba za udongo zisizo na joto, zinazookoa miti. Niandikie tena, taratibu, kama unayemfundisha mtoto.

Aabo yako,
Hared

Kampala, 27 Februari 1996

Aabo mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi niko sawa. Mwambie Hooyo nampenda na aache kubishana na daktari.

Sikiliza. Udongo unachanganywa na saruji kidogo, unatiwa kwenye mashine ya mkono, watu wawili wanavuta mkono wa chuma, tofali linatoka limeshikana. Ukuta wake unakaa baridi mchana, na usiku unarudisha joto. Jiko tutaliwekea chumba chake peke yake, na bomba la moshi.

Mashine iko Kajiado kwa fundi anaitwa Saruni. Nimemwandikia. Usichukue ule udongo mweusi wa Kitengela, huo unapasua nyumba. Chukua mwekundu wa Kisaju. Jaza kisanduku cha sentimeta sitini udongo uliolowa, uache siku saba, halafu upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sentimeta nne, tumia debe moja ya saruji kwa debe kumi na nne za udongo.

Na usikuwe na haraka, Aabo. Ukimaliza kuzikanda, matofali lazima yaive siku ishirini na nane kabla hujajenga. Yakiiva vizuri hata mvua haiwezi kuzifanya kitu. Niko na mtihani kesho, wacha niishie hapo.

Binti yako,
Kafiya

Kisaju, 2 Mei 1996

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Ni "debe moja la saruji", si "ya". Matofali hayawezi kuwa "kuzikanda", ni "kuyakanda". Makosa mengine madogo nayaacha; maelezo yote ni sahihi, nami ninajivuna.

Udongo ulisinyaa sentimeta tatu na milimita tisa. Saruni alikuja na mashine, tukatoa matofali elfu moja na mia mbili kwa siku nne. Alipokuwa akiondoka aliniuliza, "Mzee, unajua ya kufanya baada ya hapa?" Nikamwambia binti yangu ameniandikia yote.

Niliona siku ishirini na nane ni nyingi. Githongo, mchoma matofali wa kule mtoni, huyaivisha kwa siku tano. Akasema hajawahi kusikia tanuri la mwezi mzima. Nikamweleza kwamba haya yana saruji, lazima yanataka moto wa polepole. Akakubali, nani atabishana na mwalimu?

Nailantei alitupa migunga miwili, kwa shingo upande. "Mzee, hii nyumba ya kulinda miti imeanza kwa kukula miti?" Mvua imelowesha kuni, kwa hiyo moshi ni mwingi, lakini moto haujazimika hata siku moja. Anayeulinda ni Hooyo wako. Nilimkataza. Akasema, "Moto haukabidhiwi mwanamume anayesoma, atageuza ukurasa, utazimika." Anakaa hapo tangu alfajiri, kajifunika shuka, anakohoa na kuhesabu. "Zimebaki tisa," amesema leo. "Nikivumilia huu moshi, ndio wa mwisho."

Aabo yako,
Hared

Kampala, 16 Mei 1996

Aabo,

Zimeni moto. Ukisoma hapa, acha barua, uende uzime.

Hayachomwi! Hakuna moto kabisa, ndiyo maana tunayatengeneza. Kuiva ni kuyafunika na nailoni kivulini na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, saruji ikauke polepole. Mwalimu wetu anatumia neno la Kiingereza ambalo pia maana yake ni kuponya mgonjwa. Nilitafuta la Kiswahili, nikaandika kuiva. Nilikuwa na haraka ya mtihani.

Nimepiga simu ya dukani kwa Hamse siku nzima, haishiki. Mtoe Hooyo kwenye huo moshi. Mpeleke hospitali. Nijibu upesi.

Kafiya

Kitengela, 9 Juni 1996

Binti yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Telegramu yangu umeipata, kwa hiyo unajua. Barua hii ni ya kukueleza yale ambayo hayakuenea katika maneno kumi.

Moto ulitimiza siku zake tarehe 11 Mei. Hooyo wako alilitoa tofali la kwanza mwenyewe, likiwa bado na joto, akalipangusa kwa khanga. Siku iliyofuata alishindwa kuinuka. Alitutoka Jumatatu tarehe 20, kabla ya adhuhuri, na alasiri tulikuwa tumemzika. Hangeweza kukungoja. Barua yako ilifika siku nane baadaye.

Tofali lile nililibana kwa vidole, likamong'onyoka kama mkate wa jana. Yote yako hivyo.

Daktari anasema kifua kilikuwa kimekwisha tangu zamani, na mimi nakuandikia maneno yake yalivyo. Lakini najua utakalofanya: utajifunga neno lile shingoni. Usithubutu. Mimi nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Nilisimama mbele ya neno lako na kalamu nyekundu, nikasahihisha ngeli, sikuuliza maana. Saruni aliniuliza, Githongo akashangaa, na mimi nikawajibu wote kwa majivuno. Hooyo wako hakulijua kosa. Alikufa akidhani matofali yameiva.

Njoo nyumbani.

Aabo yako,
Hared

Kitengela, 30 Desemba 1996

Kafiya,

Asalaam aleikum. Hii ni ya nne. Hakuna iliyorudishwa, basi najua zinafika. Sikuombi barua. Andika jina lako tu kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha.

Aabo

Kampala, 14 Agosti 1998

Aabo,

Waaleikum salaam. Niko hai. Nafundisha sasa hapa chuoni, lakini somo la matofali nimemwachia mwenzangu. Barua nimekuandikia nyingi. Kila neno naliangalia, naona linaweza kumuua mtu, nachana.

Usinisamehe haraka hivyo. Ukinisamehe haraka inakuwa kama hakukuwa na mtu.

Kafiya

Kisaju, 21 Februari 2000

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Goti linanisumbua, macho pia, lakini nipo.

Umesema nisiharakishe, nami sikuharakisha. Imenichukua mwaka na nusu kukujibu. Nyumba imesimama. Saruni alirudi na mashine yake. Matofali tuliyafunika nailoni, nami nikayamwagia maji asubuhi na jioni kwa mkono wangu. Nailantei na wakwe zake walipaka ukuta lipu, wakinicheka jinsi ninavyoshika mwiko. Jana saa nane mchana, kwenye chumba cha mabati, nilichokihamishia hapa shambani, kipimajoto kilionyesha digrii thelathini na sita. Ndani ya nyumba, ishirini na nne. Jiko liko chumba chake na moshi unapanda juu ya paa. Ulikuwa sahihi kwa kila kitu, Kafiya, isipokuwa neno moja.

Lakini sijahamia. Nimeingia mara mbili, kusoma kipimajoto, nikatoka. Nailantei ananiuliza, "Nyumba ni ya kuangalia?" Nikamweleza ya kwetu Wasomali, akanielewa mara moja, kwa kuwa kwao ni vilevile: nyumba ni ya mwanamke. Ndiye anayeijenga, ndiye anayeifungua na kuifunga juu ya ngamia, na mwanamume, hata awe na mvi, huingia kwa kukaribishwa. Miaka thelathini na nne nilikaribishwa. Sasa nasimama mlangoni kama mgeni aliyefika wenyeji wamehama.

Hati nimeiandikisha Kajiado kwa jina lako. Si zawadi, wala si msamaha. Ni kwamba nalala kwenye mabati, na masika yanakaribia.

Njoo uingie ndani kwanza. Kisha geuka, uniambie karibu.

Aabo yako,
Hared