Hodi Shimoni

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu zako zimefika. Huku Maskati sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako tu ana mafua, na kero zake.

Umemwona dubu huko Kanada akiingia pangoni kulala baridi yote, unaniuliza kama nami nimeona mnyama wa hivyo. Nimemwona, hapa Ansab, mtaa wetu wa Maskati, baridi ya kwanza tangu tutoke Unguja, kaka yangu kabaki nyuma bila habari.

Ndege walikuwa wakidonoa mbegu kando ya shimo moja nje ya nyumba yetu. Ghafla wakanyamaza wote, wakageukia shimoni. Mchanga ukaanza kupanda wenyewe kutoka ndani, ukaziba mlango. Nami, kwa adabu yangu ya Unguja, nikasema, "Hodi!"

Jirani yetu Bi Zuwena, mwenyeji wa pale, akanivuta mkono. "Dhabbu huyo, mjusi wa jangwani. Hakufa. Kajifungia mpaka joto lirudi. Usimbishie hodi."

Tangu siku ile nikaacha kumlilia kaka kama maiti, nikisema labda naye kajifungia tu. Joto likarudi, nikenda kutazama: shimo wazi. Kaka hakurudi. Lakini mpaka leo, kila baridi ikiingia, nnasikia chini ya ardhi mtu akiniitikia ile hodi yangu: "Karibu."

Bibi yako