Tanga Bubu

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na mbili. Nimezika madaktari wawili walionikataza kupanda boti, nimemaliza milingoti mitatu na meno yote ya juu, na bado namtangulia jogoo wa jirani kuamka. Kwa hiyo ukiniuliza hali, mimi mzima. Nanyi je? Goti lako limetulia? Na shemeji yangu, mumeo, bado anakaa kwenye cherehani yake, au ameifunika kweli kama watu wanavyosema? Nisalimie wajukuu, hata yule anayeniita Babu Kelele.

Najua utashangaa kupata barua yangu, maana niliacha shule darasa la tatu, mwalimu akiwa ameshanishindwa. Kalamu naishika kama nyundo. Vumilia mwandiko.

Nataka shemeji anishonee tanga jipya. Boti yangu unaijua: mti wa kulala unaoshika tanga si mmoja kama wa boti za watu, ni miwili iliyopinda, imeungana mbele na nyuma kama mfupa wa kidari cha kuku, na tanga limesimama katikati limekumbatiwa. Bandari nzima hakuna mwingine wa kuiendesha. Wenye vyeti walijaribu, wakarudi wanavutwa kwa kamba.

Shemeji alinishauri mara tatu, tena kwa adabu, kwamba boti kama hii inataka fito ndefu ndani ya tanga, zitoke mlingotini mpaka ukingo wa nyuma. Alisema fito fupi zinaishia katikati ya kitambaa, na pale zinapoishia ndipo tanga linapokunjika na kuchoka. Ndefu hulishika lote, halipigipigi, na ukilishusha linajilaza lenyewe kati ya ile miti miwili. Nilimcheka. Nikamwambia hilo ni tanga bubu, mimi nataka linaloongea, maana upepo mimi nausikiliza, siuangalii kama wanagenzi. Akanishonea la fito fupi.

Mwaka jana likachanika. Gatini nilisema nimepigwa na dhoruba, kisha nikasema uzi wa shemeji ulikuwa umeoza. Nililisema mbele ya wateja wake. Najua waliondoka mmoja mmoja. Najua tangu siku hiyo hataki kunisikia, na wewe umebaki huku mume, huku kaka.

Hapakuwa na dhoruba, mdogo wangu. Ulikuwa mchana mweupe, maji yanametameta, na kulikuwa na utulivu ambao sijawahi kukutana nao. Hata maji ubavuni hayakusema kitu. Niliona kama nimeingia ndani ya kioo. Ndege walipita midomo wazi, kimya. Ubaridi ulinipapasa shingoni nikadhani ni usingizi. Nikaachia usukani, nikamkumbuka mama akikunja shuka, yeye ncha hii, wewe ncha ile, shuka inajaa hewa halafu inashuka polepole, polepole. Nikasema moyoni, upepo umelala, na mimi nilale kidogo.

Ufukweni yule mama mpaka rangi alikuwa juu ya ngazi anapaka boti ya mtu. Akanipungia brashi. Nikampungia. Akashuka, akapunga kwa mikono yote miwili. Nikaona leo kanipenda, nikamvulia kofia.

Nilipoinua macho, tanga lilikuwa matambara. Lilikuwa limepiga muda wote ule juu ya kichwa changu, linajipasua pale pale fito zinapoishia, pale pale shemeji aliponionyesha kwa kidole. Nilipofika nchi kavu mama mpaka rangi aliniandikia kwa rangi nyekundu juu ya ubao kwamba kishindo kilifika mpaka sokoni.

Mimi sikusikia. Sisikii tena. Sikio la kushoto lilikwenda zamani, nikawaficha. La kulia likalifuata mwaka jana. Ndiyo maana sipokei simu. Si kiburi. Kiburi ninacho, lakini si hicho.

Uzi wa shemeji haukuoza. Nimeuvuta kwa mikono miwili, mshono hauachii. Vile vipande nimevitundika kwenye mlango wa ofisi ya gati, na karatasi niliyoandika mwenyewe: fundi hakukosea, nilikosea mimi. Watu wanasimama wanasoma. Wengine wanacheka mwandiko.

Mwambie aweke fito ndefu, nyembamba upande wa mlingoti ili tanga lijipinde vizuri. Tanga bubu na mzee kiziwi, tutaelewana. Akikataa, sitalaumu, boti itakaa juu ya magogo na mimi nitakaa ndani yake. Akikubali, aje alifunge mwenyewe, kisha tutoke wote, yeye awe masikio, mimi mikono.

Lifunge goti lako kitambaa cha moto. Salamu kwa wote mlio chini ya dari hiyo.

Ni mimi kaka yako, Babu Kelele.

Shemeji akisema nimeota, amuulize mama mpaka rangi. Aliona yote, na ule ubao wake ninao, uko ukutani juu ya kitanda changu.