Baba Kufika Kigoma

Kulthumu, uko? Kaka Uledi amefanya kitu hapa nyumbani, sote tumekufa ganzi.

Unajua ile riwaya yake ya mauaji ya mwaka wa 72. Miaka yote anakwama pale askari wanapomuchukua Baba hapa Rumonge, tusimuone tena. Mwezi huu akajikaza, kila alfajiri anaandika kwanza ndipo anaenda kuuza mawese. Leo akamaliza ile sura, akamusomea Mama: Baba anawatoroka wale askari, anapita ziwani kwa mutumbwi, anafika Kigoma muzima.

Mama akaacha muhogo aliokuwa anamenya. Akasimama.

"Nani alimuona?"

Kulthumu, alidhani ni habari ya kweli! "Nani alimuona, Uledi?"

Kaka akasema, "Mama, ni mimi nilitunga."

"Ulitunga."

"Ndiyo, Mama."

Akakaa, akaendelea kumenya. Hakulia. Hata sisi hatukulia.

Kaka akashika zile karatasi azichane. Mama, bila kumuangalia, akamuambia, "Acha. Ila maji ya ziwa iko baridi. Andika mutu anamupa nguo kavu."

Basi ndiyo anaandika sasa. Chai imepoa, hajaigusa.