Chafya ya Ndama

Septemba 1967

Mpenzi Herman,

Hujambo huko Ilagala, na wanafunzi wako? Bado naisikia chafya ya yule ndama wa kule kijijini Simbo. Alizaliwa kimya, nami nikamsugua mbavu nikimbembeleza kama mtoto. Alipopiga chafya, niliona kama ziwa lote limevuta pumzi. Bwana Mifugo Polycarp akaniambia, "Binti, mikono hii isomeshwe." Ndiye aliyeniombea ufadhili wa udaktari wa mifugo.

Nilipokueleza, ulicheka: "Mke wangu awe mganga wa mbuzi?" Nami nikacheka. Sikukuambia kwamba ufadhili ni wa miaka mitano, na kwa wasioolewa tu.

Mama mzima. Ufukweni Kibirizi dagaa wameanikwa hadi mchanga unameremeta. Gauni la harusi yetu limekwisha kushonwa. Nililijaribu mara moja, likanikaa vizuri mno, nikalia.

Nilishindwa kuja kukuaga. Ungeniita jina langu, ningebaki. Jumatatu nilitia sahihi fomu ya ufadhili. Leo nakuandikia nikiwa ndani ya treni, na tumeshapita Uvinza.

Akupendaye hata sasa,
Yuliana