Mawe ya Mzee Eustace

Geita, 12 Agosti 1952

Dada Generosa,

Shikamoo. Mimi mzima, na mguu umepona.

Kati ya wenzangu wa chumba hapa mgodini alikuwa mzee Eustace. Kila jioni alifungua kopo la mawe, akayalamba, akaandika.

"Unaficha nini?" nilimwuliza.

"Najifunza mawe. Yakilowa, rangi yake huonekana."

Kwa umri ule? Sikumwamini. Nilijua ni dhahabu, nikamshtaki kwa nyapara.

Nyapara alimwaga kopo mbele yetu. Yalikuwa mawe ya kawaida, kila moja na karatasi yenye jina lake. Lakini kuchukua jiwe lolote mgodini ni marufuku, akafukuzwa. Alinipa mkono, akasema, "Ungeniuliza tena, ningekufundisha."

Usimwambie mama. Siku hizi nikiingia chumbani kila mwenzangu hufunika alichonacho.

Nduguyo,
Athanas