Maji Yaliyosafishwa

Shambani, Morogoro
Machi 1908

Kwako Mjomba Fransisko,

Shikamoo, mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kikohozi cha mama Agnes kimepungua ingawa kuna baridi huko juu. Sisi huku bondeni tunapumua, na zaidi ya hapo sina la kujivunia. Naomba uisome mwenyewe, na uisome upesi.

Juzi samaki wa bwawa la Bwana Mdachi walielea. Perege na kambale wote, matumbo juu, harufu ikafika hadi nyumba za vibarua. Bwana alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka Daressalaam kwa gari la moshi pamoja na mgeni, na badala ya kumwonyesha samaki anaojivunia, akamwonyesha mizoga. Nyapara Hatibu, hujui tu anavyopenda kuchochea, akasema kuna mtu ameponda utupa akautia majini kuwalevya samaki kama wafanyavyo wavuvi. Mlinzi wa bwawa ni mume wangu. Wakamfunga Stefano mnyororo shingoni, wakamtia ghalani, Bwana akaapa kumpeleka bomani. Huko viboko hamsa ishirini ni salamu tu. Mjomba, niliogopa hadi nikasahau kulia.

Mgeni ndiye aliyesema tungoje. Ni daktari, lakini si wa watu, ni wa vidudu vya majini, mzee mwenye miwani na Kiswahili cha kuokoteza. Alipasua samaki, akakuta matumbo matupu. Akauliza, kama ni sumu, mbona viluwiluwi ni wazima? Kisha akatoa darubini yake ya kutazamia vitu vidogo, akaniita mimi niliyekuwa nimesimama pale. Katika tone la maji ya bwawa sikuona kitu. Akaweka tone la dimbwi la ng'ombe, lile la kijani, nikapiga kelele. Tone lile lilijaa vidudu vyenye jicho moja katikati ya kichwa, vinarukaruka kama viroboto, na kati yao chembe za kijani tele. Nilidhani ni mashetani, nikamwita Mama Maria.

Daktari akacheka, akaniambia hicho ndicho chakula cha bwawa. Chembe za kijani huishi kwa jua, vidudu hula chembe, samaki wadogo hula vidudu, na kambale huwameza wadogo. Ukiondoa ukijani ule umewanyima wote, hata kambale ambaye hana habari nao. Akasema samaki hawa wamekufa njaa ndani ya maji masafi.

Hapo nikaukumbuka mfereji. Unakumbuka ulivyotucheka Noeli, Waluguru wazima kuishi kando ya maji kama mchuzi wa mlenda. Ukachukua jembe la Stefano ukafungua mfereji wa kutoka mtoni, ukafanya ishara ya msalaba juu ya maji, ukasema sasa yatafanana na ya kwetu mlimani. Yakafanana kweli, hata mawe ya chini tukayaona. Tulifurahi sana, tukauacha mfereji wazi mpaka leo, na kijani chote kikaenda na maji.

Bwana akauliza ni nani aliyefungua mfereji. Stefano akatolewa ghalani, shingo imechubuka, akasema hajui. Hatibu akashika kiboko. Stefano akapigwa, akasema hajui. Akaendelea kupigwa, mjomba, na jina lako halikumtoka mdomoni.

Lilinitoka mimi. Nilishindwa kuitazama damu ile, nikasema ni mjomba wangu, katekista, mtu mwema, alitaka kutusafishia tu. Na kwa ujinga wangu, nikidhani Bwana atalainika akisikia wewe ni mtu wa kanisa, nikaeleza ulivyoinua mkono juu ya maji na kusema maneno. Tangu vita vya Maji Maji, Bwana akisikia mtu ameshuka mlimani akasomea maji, hasikii tena neno jingine. Nikamwonyesha ile ishara ya msalaba kwa mkono wangu mwenyewe, hakutazama. Daktari akaanza kumweleza habari za vidudu, akaambiwa anyamaze. Askari wanapanda huko kesho alfajiri kukukamata, na wale waliotuhumiwa habari ya maji uliwaona mwenyewe walivyonyongwa.

Stefano wamemfungua. Nimemkanda mgongo kwa maji ya chumvi, ameniuliza nilisema nini hata akaachiwa, nikamwambia Daktari ndiye aliyemwombea. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenifundisha herufi hizi, na mimi nimekutoa wewe nikambakiza mume. Naogopa uso wako kuliko ninavyomwogopa Bwana.

Ondoka, mjomba. Barua hii anaileta Mwajuma muuza ndizi, anajua njia za mkato. Usikimbilie misheni, watakutafuta huko kwanza. Vuka msitu uende kwa ndugu zetu upande wa pili wa mlima, na mama Agnes asikupikie chakula cha njiani, hakuna nafasi.

Nisalimie watoto wote, na bibi mpe mkono wangu. Mungu akufiche.

Mimi mtoto wa dada yako, kama bado utaniita hivyo,

Cecilia