Tambi za Sista

Mama, shikamoo. Huku Lushoto baridi inaingia mpaka mifupani, lakini mimi mzima.

Sista mzee wa Kiitaliano ninayempikia hapa misheni aliugua, akakataa kula. Alitaka tambi za samaki wa baharini, kama za kwao. Milimani huku samaki hao nitawatoa wapi? Nikachukua wale kamba wakavu ulionifungia, nikawapika kwa tui. Mkono ukafuata mazoea: nikatia sukari na iliki, kama tambi zetu za Idi!

Alionja, akanitazama.

“Mama yangu hakupika hivi,” akasema, lakini akamaliza sahani. “Wako yu hai?”

“Yupo Tanga.”

“Basi mwandikie leo. Mimi nilichelewa.”

Kamba wamekwisha, Mama. Wengine walete mwenyewe, nikuone.

Mwanao, Mwanaidi